Tegemeo, Tegemezi na Utegemezi: Usimamizi wa Maktaba za Msimbo katika Ujenzi wa Programu za Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi zana za ujenzi wa programu za tarakilishi zinavyosimamia maktaba za msimbo ambazo programu moja huazima kutoka kwa waandishi wengine. Mfano mkuu ni zana iitwayo Maven, inayotumiwa na waandishi wa programu katika lugha ya Java. Hoja ya makala ni kwamba kazi yote ya zana hii ni kubainisha nani anamwegemea nani, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi tegemea humpa msomaji wa Kiswahili maneno yanayotenganisha dhana hizo bila mkanganyiko. Tukio la Log4j la Desemba 2021 linatumiwa kuipima hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wahenga hao hao walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hizi mbili aghalabu hufundishwa kama zinazokinzana, na mwanafunzi hutakiwa aeleze kila moja inafaa wakati gani. Katika uandishi wa programu za tarakilishi, methali zote mbili huwa kweli kwa wakati mmoja, tena ndani ya faili moja. Ni nadra kupata programu kubwa iliyoandikwa na mkono mmoja tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Papo hapo, kila programu inayoazima msimbo wa wengine hujiweka katika hatari ya kuanguka kwa makosa ya wengine hao.

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari umejikita zaidi katika maneno anayoyaona mtumiaji kwenye skrini. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Mtumiaji aliweza kufungua faili, kuihariri na kuihifadhi bila kupitia lugha nyingine. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, nyuma ya skrini kuna tabaka la pili, nalo ni la fundi anayeijenga programu yenyewe. Dhana za tabaka hilo nazo zinahitaji kuelezwa, si kwa sababu ya fahari ya lugha tu, bali kwa sababu asiyezielewa huathirika nazo. Makala haya yanashughulikia dhana moja ya tabaka hilo.

2.0 Istilahi za Msingi

Maktaba ya msimbo ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambao programu nyingine huweza kuuita ili uifanyie kazi maalumu: kusoma faili za aina fulani, kukokotoa tarehe, kuwasiliana na hifadhidata na kadhalika. Neno maktaba limetokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia kitabu, katibu na mkataba. Uhusiano huo wa mwisho una manufaa katika somo hili. Maktaba ya msimbo kwa kweli ni mkataba: mwandishi wake huahidi kwamba anayeiita kwa njia fulani atapata jibu la namna fulani.

Zana ya ujenzi ni programu inayochukua msimbo chanzo alioandika fundi, ikaugeuza uwe katika umbo linaloweza kuendeshwa na tarakilishi, ikaujaribu, kisha ikaufunga pamoja kama kitu kimoja kilicho tayari kutumika. Ghala ni mahali pa mtandaoni ambapo maktaba huwekwa ili zipakuliwe. Toleo ni hali ya maktaba kama ilivyokuwa siku ilipotolewa, nayo hutambulishwa kwa nambari.

Istilahi inayohitaji uangalifu zaidi ni ile inayohusu kutegemea. Kiingereza hutumia neno moja kwa hali ya kutegemea na kwa kitu kinachotegemewa. Mwanafunzi anayejifunza kwa neno hilo hulazimika kubaini maana kutokana na muktadha, na mara nyingi hukosea. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kutokana na kitenzi tegemea hupatikana maneno yafuatayo:

(a) tegemeo: kile kinachotegemewa, yaani maktaba inayoitwa;
(b) tegemezi: sifa ya kile kinachotegemea, kama vile katika kirai programu tegemezi;
(c) utegemezi: hali au uhusiano ulio baina ya hivyo viwili;
(d) mtegemewa: mtu anayetegemewa, yaani anayeitunza maktaba.

Tofauti hii si ya mapambo. Fundi akiambiwa kwamba "kuna kosa katika tegemeo," anajua kwamba aangalie maktaba aliyoazima. Akiambiwa kwamba "kuna kosa katika utegemezi," anajua kwamba maktaba yenyewe huenda ni nzima, ila namna alivyoiunganisha na programu yake ndiyo yenye dosari. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwamba makosa haya mawili hutibiwa kwa njia mbili tofauti.

3.0 Kutoka Make hadi Maven

Zana za ujenzi si jambo geni. Mnamo 1976, Stuart Feldman wa maabara za Bell nchini Marekani aliandika zana iitwayo Make. Zana hiyo ilisoma orodha ya faili na kubaini ni zipi zilizobadilika, ili zile tu zinazoathirika zigeuzwe upya. Mwaka 2000 ilitolewa zana ya Ant kwa waandishi wa Java. Zana hizi zilijua vyema utaratibu wa kujenga, lakini kwa asili yake hazikujua maktaba zinatoka wapi. Fundi alizitafuta mwenyewe, akazipakua moja moja na kuzirundika katika folda ya mradi wake. Aliyeupokea mradi huo miaka miwili baadaye alikuta faili nyingi, baadhi zikiwa hazina nambari ya toleo, na hakujua ni ipi inayohitajika na ipi iliyosahauliwa humo.

Maven ilikuja kulitatua tatizo hilo. Jina lake limetoka katika lugha ya Kiyidi, nalo humaanisha mtu aliyekusanya maarifa. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2005, liliongeza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: uwezo wa kufuata mategemeo ya mategemeo. Kuanzia hapo, fundi hakuhitaji tena kutaja kila kitu. Alitaja alichokihitaji yeye, na zana ikaenda kuuliza hicho nacho kinahitaji nini.

Mwanafunzi wa leksikografia ataitambua kazi hii mara moja. Anayefungua kamusi na kukuta kidahizo chenye agizo "taz." huelekezwa kwenye kidahizo kingine. Akifika huko, huenda akaelekezwa kwingine tena. Mtungaji wa kamusi asipohakikisha kwamba kila agizo lina mwisho wake, msomaji hubaki akizunguka. Maven hufanya kazi ya msomaji huyo asiyechoka, anayefuata kila "taz." hadi mwisho wake kabla ya kuanza kujenga.

4.0 Tamko la Tegemeo

4.1 Utambulisho

Katika mradi wa Maven kuna faili iitwayo pom.xml. Ndani yake fundi hutangaza mategemeo yake, na kila tegemeo hutambulishwa kwa mambo matatu: kundi, jina na toleo. Kundi huonyesha ni nani aliyeitoa maktaba, jina huonyesha ni maktaba ipi miongoni mwa zile za kundi hilo, na toleo huonyesha ni ya wakati gani. Mambo matatu haya kwa pamoja hufanya kazi ya jina la mtu, jina la babake na mwaka wa kuzaliwa. Juma ni wengi, lakini wote watatu wakitajwa hivyo hawachanganyiki.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa isimu anayetaka kuandika programu itakayosoma matini za mahojiano zilizohifadhiwa katika faili za Microsoft Word, kisha ihesabu kila neno limetokea mara ngapi. Kuandika mwenyewe msimbo wa kusoma faili hizo kungemchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe. Badala yake anaweza kutangaza tegemeo moja: kundi org.apache.poi, jina poi-ooxml, toleo 5.2.3. Hii ni sehemu ya maktaba ya Apache POI, ambayo kazi yake ni kusoma na kuandika faili za aina hiyo.

Zana ikilisoma tamko hilo, kwanza hutazama katika ghala la nyumbani, yaani folda iliyo katika tarakilishi ya fundi mwenyewe. Isipoipata maktaba humo, huenda katika Ghala Kuu la Maven mtandaoni, huipakua, na kuiweka katika ghala la nyumbani ili safari nyingine isihitajike.

4.2 Mawanda

Si kila tegemeo linahitajika wakati wote. Fundi wa nyumba huhitaji jukwaa la mbao anapopiga lipu ukuta wa juu, lakini hamwachii mwenye nyumba jukwaa hilo. Kwa sababu hiyo Maven humruhusu fundi kutaja mawanda ya kila tegemeo. Mawanda ya kawaida, yanayotumika fundi asipotaja chochote, ni yale ya tegemeo linalohitajika tangu kugeuza msimbo hadi kuendesha programu. Mawanda ya majaribio ni ya maktaba zinazotumika kuipima programu tu. Mawanda ya uendeshaji ni ya maktaba zisizohitajika wakati wa kugeuza msimbo lakini zinazohitajika programu inapofanya kazi. Yapo pia mawanda ya kitu ambacho mazingira ya kuendeshea programu yatakitoa yenyewe, kwa hivyo hakuna haja ya kukibeba.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuyaacha mategemeo yote katika mawanda ya kawaida. Programu hufanya kazi, lakini humfikia mtumiaji ikiwa imebeba jukwaa la mafundi mgongoni.

4.3 Uthabiti wa ghala

Utegemezi wa aina hii huwa salama iwapo tu ghala ni thabiti. Katika Ghala Kuu la Maven, toleo likishatolewa halibadilishwi wala haliondolewi. Akosaye hutoa toleo jipya. Hafuti la zamani.

Umuhimu wa kanuni hii ulidhihirika katika ghala jingine, npm, linalotumiwa na waandishi wa lugha ya JavaScript. Tarehe 22 Machi 2016, mwandishi mmoja aliziondoa maktaba zake zote ghalani kufuatia mzozo kuhusu jina la mojawapo. Miongoni mwa hizo ilikuwamo left-pad, maktaba ya mistari 11 tu, iliyokuwa ikiongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa neno ili lifikie urefu unaotakiwa. Miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa siku hiyo. Wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwa wameitangaza left-pad popote; ilikuwa tegemeo la mategemeo yao. Maktaba hiyo ilirejeshwa baada ya saa chache, na baadaye ghala hilo likaweka masharti makali zaidi kuhusu kuondoa kilichokwisha kutolewa.

5.0 Mti wa Mategemeo na Mgongano wa Matoleo

5.1 Nasaba ya programu

Mwanafunzi aliyetajwa katika sehemu ya 4.1 alitangaza tegemeo moja tu. Akiiamuru Maven imwonyeshe mti wa mategemeo, atakuta orodha ndefu. Faili ya Word ya siku hizi ni furushi lililobanwa lenye faili za XML ndani yake. Kwa hivyo poi-ooxml huitegemea Commons Compress ili kulifungua furushi, na huitegemea XMLBeans ili kuzisoma faili hizo. Vilevile huitegemea maktaba ya msingi iitwayo poi, na poi nayo huitegemea Commons Codec.

Kiswahili kina maneno tayari ya kueleza nasaba kama hii. Iwapo programu ya mwanafunzi ndiyo mzazi, basi poi-ooxml ni mwana, poi ni mjukuu, na Commons Codec ni kitukuu. Mwana ni tegemeo la moja kwa moja, kwa sababu limetajwa na fundi mwenyewe. Mjukuu na waliomfuata ni mategemeo ya mbali; fundi hakuwataja, lakini wamo nyumbani mwake na watakula katika sahani zake.

5.2 Wajukuu wanapogombana

Tatizo huzuka pale maktaba moja inapotakiwa na mategemeo mawili, kila moja likitaka toleo lake. Chukua mfano wa kubuni. Programu iitwayo Kamusi inategemea maktaba mbili, Sauti na Matini. Sauti inategemea Herufi, toleo 1.4. Matini inategemea Alama, nayo Alama inategemea Herufi, toleo 2.0. Kwa kawaida programu ya Java inayoendeshwa hutumia toleo moja tu la maktaba. Ni lipi litakalochaguliwa?

Kanuni ya Maven ni kwamba aliye karibu ndiye mshindi. Herufi 1.4 iko hatua mbili kutoka kwa Kamusi, ilhali Herufi 2.0 iko hatua tatu. Maven itachukua 1.4. Umbali ukilingana, lililotangulia kutajwa ndilo linalochukuliwa. Izingatiwe kwamba kanuni hii haiangalii upya wa toleo hata kidogo. Huangalia ujirani tu.

Matokeo yake huwa ya kushangaza. Kamusi itageuzwa na kujengwa bila kosa lolote, kwa sababu msimbo wake mwenyewe hauna dosari. Itaanza kufanya kazi vizuri. Kisha, siku ambayo mtumiaji atabofya kitufe kinachoifikia Alama, programu itaanguka na kudai kwamba kitu fulani kinachotafutwa ndani ya Herufi hakipo. Ni kweli hakipo, kwani kiliongezwa katika toleo 2.0. Hapa tofauti iliyowekwa katika sehemu ya 2.0 inaonyesha faida yake. Herufi haina kosa, na Alama haina kosa. Hakuna tegemeo lililoharibika. Kilichoharibika ni utegemezi.

5.3 Tiba tatu na falsafa tatu

Fundi ana njia kuu mbili za kuutibu ugonjwa huu ndani ya Maven. Ya kwanza ni kuitaja Herufi 2.0 katika faili yake mwenyewe, ama kama tegemeo la moja kwa moja, ama katika sehemu ya usimamizi wa mategemeo. Sehemu hii ya pili haileti maktaba yoyote nyumbani. Husema tu kwamba maktaba fulani ikija, kwa mlango wowote, itakuja katika toleo hili. Njia ya pili ni kuikata: kutamka kwamba Sauti ije, lakini isije na Herufi yake. Njia zote mbili zinamtaka fundi ahakikishe kwanza kwamba Sauti inaweza kuishi na toleo 2.0.

Zana nyingine zimechagua kanuni tofauti. Gradle, ambayo pia hutumiwa sana katika Java, kwa kawaida huchagua toleo la juu zaidi miongoni mwa yanayotakiwa. Alama ingeokoka, lakini ikiwa toleo 2.0 limeondoa kitu kilichotumiwa na Sauti, basi Sauti ndiyo itakayoanguka. Npm kwa upande wake huweza kuwapa wagomvi kila mmoja nakala yake. Amani hupatikana, ila nyumba hujaa vitu vya jina moja visivyotambuana. Hivyo basi, kila zana imechagua ni nani atakayebeba gharama ya mgongano. Hakuna iliyoifuta gharama yenyewe.

5.4 Nambari kama mkataba

Migongano hii ingepungua kama nambari za matoleo zingeheshimiwa. Desturi iliyoenea ni ya nambari tatu zinazotenganishwa kwa nukta. Ya kwanza hupanda pale mabadiliko yanapovunja ahadi za awali. Ya pili hupanda pale jambo jipya linapoongezwa bila kuvunja ahadi. Ya tatu hupanda pale kosa linaporekebishwa tu. Anayehama kutoka 1.4.2 kwenda 1.4.3 asitarajie mshtuko, ilhali anayehama kutoka 1.4 kwenda 2.0 ajiandae kurekebisha msimbo wake. Isitoshe, nukta hizi si za desimali: toleo 2.10 hufuata 2.9, wala si dogo kuliko 2.9.

Desturi hii ni ahadi ya mtu, si sheria ya mashine. Mwandishi anaweza kuivunja kwa kutojua. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hujaribu programu yake upya kila anapobadilisha toleo, hata la kiraka kidogo.

6.0 Kisa cha Log4j

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kuonekana kama mambo ya mafundi peke yao. Tukio la Desemba 2021 lilionyesha vinginevyo.

Log4j ni maktaba ya Java inayoandika batli. Mabaharia wa pwani wamelijua neno hili siku nyingi: batli ni kitabu cha nahodha cha kuandikia mambo ya safari. Programu nayo huandika batli yake: nani ameingia, saa ngapi, ameomba nini, na kosa gani limetokea. Tarehe 24 Novemba 2021, kikosi cha usalama cha Alibaba Cloud kiliwaarifu watunzaji wa Log4j kwamba maktaba hiyo ina dosari kubwa. Ilipoandika ujumbe katika batli, haikuunakili tu, bali iliusoma pia. Ikikuta ndani yake maneno ya muundo fulani, iliyachukulia kuwa agizo la kwenda kuchukua kitu kwenye seva ya mbali. Mshambulizi angeweza kuandika maneno hayo mahali popote ambapo programu ingeyanakili, kwa mfano katika nafasi ya jina la mtumiaji, na tarakilishi ya mwathiriwa ingepakua na kuendesha msimbo wa mshambulizi. Habari hiyo ilienea hadharani kati ya tarehe 9 na 10 Desemba. Dosari ilipewa utambulisho CVE-2021-44228 na kipimo cha ukali cha 10 kati ya 10.

Swali la kwanza katika ofisi nyingi halikuwa namna ya kuiondoa dosari. Lilikuwa: je, Log4j imo humu? Wengi hawakuwa na jibu, kwa sababu hawakuitangaza wenyewe. Uchunguzi uliofanywa na Google mwezi huo katika Ghala Kuu la Maven ulionyesha kwamba katika zaidi ya asilimia 80 ya vifurushi vilivyoathirika, dosari ilikuwa mbali zaidi ya hatua moja, na sehemu kubwa ilikuwa katika hatua ya tano. Kwa lugha ya nasaba, haikuwa kwa mwana wala mjukuu, wala hata kwa kitukuu na kilembwe. Ilikuwa kwa kilembwekeza.

Uchunguzi huo huo una funzo la pili, la utambulisho. Hesabu ya kwanza ilikuwa zaidi ya vifurushi 35,000, sawa na zaidi ya asilimia 8 ya ghala lote. Baadaye hesabu ya zinazoitegemea log4j-core peke yake ilikuwa zaidi ya 17,000, yaani takriban asilimia 4. Tofauti hiyo ilitokana na kwamba Log4j imegawanywa. Log4j-api ni mkataba tu wa namna ya kuomba kitu kiandikwe, na log4j-core ndiyo inayoandika. Dosari ilikuwa katika log4j-core. Mwanafunzi wa mfano wetu, anayetumia poi-ooxml, angeiona log4j-api katika mti wake, na angeweza kuingiwa na hofu bure. Jina la kundi ni moja, toleo huenda ni moja, lakini jina la maktaba ni tofauti. Ndiyo sababu utambulisho huhitaji mambo yote matatu.

Tiba nayo ilipatikana katika kanuni ile ile iliyokwisha kuelezwa. Kufikia mwisho wa Desemba, watunzaji walikuwa wametoa kwa mfuatano matoleo 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Fundi wa Maven hakulazimika kuwasubiri watunzaji wote wa ngazi tano zilizo kati yake na log4j-core. Alihitaji kuandika mistari michache katika sehemu ya usimamizi wa mategemeo, akitaja log4j-core 2.17.1. Aliye karibu ndiye mshindi, na hakuna aliye karibu na programu kuliko mwenye programu. Kanuni iliyoiangusha Kamusi katika sehemu ya 5.2 ndiyo iliyowaokoa wengi mwezi huo. Walioijua waliitumia siku ile ile. Wasioijua walitafuta faili moja moja kwa mkono, kama ilivyokuwa kabla ya 2004.

Inafaa pia kumkumbuka mtegemewa. Log4j ilikuwa ndani ya mifumo ya makampuni makubwa duniani, ilhali waliokuwa wakiitunza ni watu wachache wa kujitolea, ambao Desemba hiyo walifanya kazi usiku na mchana huku wakilaumiwa na watu waliokuwa wameitumia kazi yao bure kwa miaka mingi. Zana ya ujenzi huonyesha maktaba, haionyeshi watu. Anayeusoma mti wa mategemeo na kuona majina ya maktaba tu amesoma nusu ya mti.

7.0 Mambo ya Kuzingatia

Kutokana na maelezo hayo, mwandishi wa programu anayeanza anashauriwa ayafanye mambo yafuatayo:

(i) Atangaze kwa jina kila maktaba anayoiita moja kwa moja, hata kama tayari imekuja kupitia tegemeo jingine. Tegemeo hilo likiacha kuileta kesho, programu yake haitaanguka.

(ii) Ausome mti wa mategemeo kila anapoongeza tegemeo jipya, si siku ya msiba tu.

(iii) Ayataje mawanda ya kila tegemeo, na aondoe yale yasiyotumika tena.

(iv) Ayapange matoleo yote mahali pamoja, katika sehemu ya usimamizi wa mategemeo, hasa mradi unapokuwa na sehemu nyingi.

(v) Ajiulize, kabla ya kuazima, kama anachokiazima kinazidi gharama ya kukitunza. Mistari 11 mtu anaweza kuiandika mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usimamizi wa maktaba za msimbo ni somo la mahusiano kabla ya kuwa somo la mashine. Zana ya Maven huuliza maswali matatu: ni kitu gani, ni cha toleo gani, na kimekuja kupitia kwa nani. Mwenye kuweza kuyajibu hayo ameuelewa utegemezi wake. Asiyeweza, hata kama programu yake inafanya kazi leo, hajui imesimama juu ya nini.

Aidha, imeonekana kwamba Kiswahili hakihitaji kusubiri istilahi kutoka nje ili kulieleza jambo hili. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja umetoa maneno ya kutenganisha kitu, sifa, hali na mtu. Istilahi za ukoo zimeeleza kina cha mti. Neno la mabaharia limeeleza kazi ya Log4j. Jukumu lililobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kukaa pamoja na wenzao wa idara za tarakilishi, kwa sababu istilahi ambayo fundi haitumii hubaki kwenye orodha. Ama zile methali mbili za mwanzo, hazikinzani. Moja humwambia fundi aazime, na nyingine humwambia ajue ameazima nini.

Maswali ya Marudio

1. Tofautisha kati ya tegemeo, programu tegemezi na utegemezi, ukitoa mfano mmoja wa kosa la tegemeo na mmoja wa kosa la utegemezi.

2. Katika mfano wa sehemu ya 5.2, chukulia kwamba Matini inaitegemea Herufi 2.0 moja kwa moja, na kwamba Sauti imetajwa kwanza katika faili ya Kamusi. Maven itachagua toleo gani, na kwa nini? Gradle je?

3. Eleza kwa nini kuwepo kwa log4j-api katika mti wa mategemeo hakukutosha kuthibitisha kwamba programu ilikuwa na dosari ya Desemba 2021.

4. Pendekeza istilahi za Kiswahili za dhana mbili za ujenzi wa programu ambazo hazikushughulikiwa katika makala haya, na utetee mapendekezo yako kwa kurejelea mnyambuliko wa vitenzi.